Karatasi za Chumba cha Macho

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Shule zimefunguliwa. Njia ya kwenda kazini ilijaa mashati meupe na sketi za buluu, watoto wakitembea kwa madaha ya viatu vipya. Kazini, chumba cha macho hapa Bunia, korido ilikuwa nusu tupu. Kila mwanzo wa Septemba ni hivyo: pesa za nyumbani zimekwenda kwenye minervali, ndiyo karo ya shule, na madaftari, macho ya wazee yanaambiwa yangoje.

Nikashika kazi niliyoikwepa tangu Pasaka, ile droo ya karatasi za rufaa. Vituo vya afya vinavyotutumia wagonjwa hujaza karatasi ya nusu ukurasa: jina, umri, jinsia, kazi, malalamiko, dawa alizopewa, sababu ya kumtuma. Nilitaka kuzipanga kwa tarehe tu, daktari mkuu apate ripoti yake ya robo ya mwaka. Nikaanza kuzisoma, na asubuhi ikaisha.

Nanakili mbili hapa. Zimetoka kituo kimoja, mwandiko mmoja.

Ya kwanza, mwanaume. Kazi: dereva wa lori, njia ya Mahagi. Malalamiko: jicho la kuume halioni tena, taa za magari yanayokuja zinamtawanyikia usiku, mwezi uliopita alikaribia kugonga ng'ombe. Sababu: mtoto wa jicho, apasuliwe haraka, familia inamtegemea.

Ya pili, mwanamke. Kazi: wa nyumbani. Malalamiko: macho. Alipewa pomada ya tetrasaiklini. Sababu: aonwe.

Aonwe! Nimetafuta daftari la vipimo. Dereva alikuwa bado na jicho la kushoto linalosoma ubao wa herufi karibu hadi chini. Mama alihesabu vidole kwa mita moja, macho yote mawili. Shirika la Afya Duniani linamhesabu kuwa kipofu mtu ambaye jicho lake lililo bora halifiki vidole vya mita tatu. Kwa kipimo, mama ni kipofu na dereva si kipofu. Kwa karatasi, dereva ana haraka na mama ana macho.

Nimezitenga karatasi mafungu mawili mezani. La wanaume ni nene zaidi. Sitaandika asilimia: hizi ni karatasi za droo moja, na ambao hawakuandikiwa kabisa hawana droo.

Jumatano, 4 Septemba

Mama wa Kasenyi, mkausha samaki, ameingia ameshika bega la kijana wake. Mboni zote mbili nyeupe.

“Karibu, mama. Karatasi yako iko?”

Akajibu kijana. “Niko nayo mimi, docta.” Aliitoa mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, wino umefifia kwenye mikunjo. Tarehe yake ni ya Januari.

“Papa, tangu Januari?”

“Ilikuwa kutafuta pesa, docta. Kisha njia ikaharibika, watu wakakimbia. Kisha minervali ya batoto.”

Sababu zote tatu ni za kweli, nazijua. Nikamgeukia mama. “Na wewe, ulijua umetumwa kupasuliwa?”

“Mi nilijua ni karatasi ya dawa. Waliniambia dawa itanunuliwa Bunia.”

Kijana akatazama viatu vyake. Si mtoto mbaya huyu. Amemleta mama yake kwa pikipiki, amelipa kwenye kila kizuizi, amebeba mkeka na sufuria. Ila ugonjwa ni wa mama, karatasi imekaa miezi kwenye mfuko wa kijana, na mama hakuambiwa imeandikwa nini. Muuguzi wa kule alimkabidhi mwenye kusoma Kifaransa. Angefanya hivyo kwa mzee wa kiume? Nadhani mzee angenyoosha mkono mwenyewe, na angepewa.

Ubao wa herufi E haukumfaa kitu, haoni hata ukuta ulipobandikwa. Nilimmulika kwa tochi: kulia, kushoto, juu, chini. Kila upande alionyesha kwa kidole bila kukosea. Hilo ndilo tunalolitafuta kwa macho meupe namna hii. Akijua mwanga unakotoka, yaelekea neva ya nyuma bado iko kazini, na kilichoziba ni lenzi.

Nimempa kitanda. Upasuaji kesho.

Ijumaa, 6 Septemba

Daktari alimaliza jicho la mama wa Kasenyi upesi jana. Sindano ya ganzi kando ya jicho, mkato mdogo usiohitaji uzi, lenzi iliyoganda ikatoka, ya plastiki ikaingia mahali pake. Asubuhi hii nimemfungua bandeji. Watu wanaosimulia habari hizi hupenda mgonjwa alie na kumshukuru Mungu. Huyu alimkagua kijana wake kutoka juu hadi chini, akauliza: “Hii shati nani alikununulia?”

Chumba kizima kikacheka isipokuwa kijana.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nimekaa nyuma ya nyumba na simu. Mwenzangu aliyeko Moshi amenitumia maandishi ya watafiti wa kule Kilimanjaro, wale waliokuwa na kituo cha afya ya macho ya jamii karibu na hospitali ya KCMC. Ni ya zamani kidogo, mwaka 2002 na 2005, lakini ningeambiwa yameandikwa huku kwetu Irumu ningekubali.

La 2002 linakusanya tafiti za nchi maskini. Wanaume waliokuwa na mtoto wa jicho walikuwa wamepata upasuaji kwa kiwango cha mara 1.2 hadi 1.7 ya kile cha wanawake wenye ugonjwa uleule. Wakapiga hesabu: wanawake wangepasuliwa kwa kiwango cha wanaume, upofu wa mtoto wa jicho ungeshuka kwa kama asilimia 12.5, bila dawa mpya wala mashine mpya. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Hapa tunalia kila siku juu ya mashine.

La 2005 ni la mazungumzo na wazee wa mkoa wa Kilimanjaro na jamaa zao. Uamuzi wa kupasuliwa hautoki kwa mgonjwa peke yake, unazunguka ndani ya ukoo: nani atalipa, nani atamsindikiza, na mzee anahitaji kuona kwa ajili gani. Bibi wengi hawaombi. Wanangoja mtoto atambue.

Ni kweli yote. Lakini ninavyosoma, naona familia imekaliwa kikao na muuguzi hayumo. Kana kwamba karatasi ya rufaa inajiandika yenyewe. Mimi nimeshinda wiki na karatasi hizi, na swali la “mzee anahitaji kuona kwa ajili gani” halianzii nyumbani tu. Linakaa kwenye mstari wa “kazi”. Ukiandika dereva, fundi, mwalimu, mchimbaji, karatasi inajua njia. Ukiandika wa nyumbani, imekwama pale pale. Mama wa Kasenyi alikuwa ameandikwa wa nyumbani. Anakausha samaki wanaoliwa hadi huku soko kuu.

Mwenzangu ameongeza la Sweden, la 2016. Kule karibu kila upasuaji wa mtoto wa jicho unaingia kwenye daftari la taifa. Hakuna kizuizi njiani, hakuna kuuza mbuzi. Na bado wanawake walingoja foleni zaidi kuliko wanaume. Nimejisikia vizuri kidogo, jambo la aibu.

Alhamisi, 12 Septemba

Titulere wa kituo kimoja cha pembeni ya mji alipita kuleta ripoti zake za mwezi. Ni muuguzi mkuu wa kituo chake miaka mingi, mtu wa kazi, mwandiko mzuri. Nikamwekea karatasi zake mwenyewe mezani, nne za wanaume, nne za wanawake. Sikusema kitu.

Akazisoma. Akavua kofia.

“Yaya, usinione mbaya. Mwanaume akija kwangu hasemi. Anakaa. Anayesema ni mke wake. Huyu amegonga nguzo. Huyu amepotea njia ya shamba lake mwenyewe. Huyu jana amelipa noti ya elfu kumi akifikiri ni ya elfu moja. Mimi naandika tu, karatasi inajaa. Mama akija, amekuja peke yake, au na katoto. Namuuliza, mama, shida gani? Anasema macho inauma kidogo. Nitaandika nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, ugomvi ukaniishia mdomoni. Maana ni kweli. Nimerudi kwenye fungu la wanaume baadaye nikayasoma yale malalamiko marefu, na sasa nasikia sauti za wake zao ndani yake: nani mwingine angejua kuwa mzee anapapasa ukuta kutafuta mlango wa choo usiku? Karatasi nzuri ya mwanaume imesimuliwa na mwanamke. Ya mwanamke haina msimulizi. Mume yuko kazini, au amekufa, au hajaona kwamba mke haoni, kwa sababu ugali unafika mezani kila jioni. Mwanamke aliyepika jikoni lilelile miaka thelathini anapika gizani, na hakuna anayegundua mpaka aungue.

Tukaingia kwenye la pili. Kwenye karatasi mbili za wanawake aliandika “haijakomaa, arudi baadaye”. Nikamuuliza alijifunza wapi. Shuleni, enzi zake. Enzi hizo ilikuwa sawa: walitoa lenzi nzima pamoja na mfuko wake, mgonjwa akapewa miwani mizito, basi wakasubiri jicho liwe jeupe kabisa ndipo hasara iwe ndogo kuliko faida. Sasa tunaweka lenzi ndani ya jicho. Mtu anapasuliwa pale kutoona kunapomzuia kazi zake, haijalishi weupe umefika wapi. Na lenzi ikiachwa muda mrefu inaweza kuvimba, presha ya jicho ikapanda, mgonjwa akapoteza hata ule mwanga wa tochi.

“Na wanaume huwaambii haijakomaa?”

Akafikiri. “Mwanaume nikimwambia arudi baadaye, mke wake ananiuliza lini.”

Tumecheka, lakini amekwenda na kalamu mbili mpya na ahadi ya kuwauliza akina mama swali jingine badala ya “shida gani”. Alisema karatasi imechapwa na ofisi ya eneo la afya, haina mstari wa swali jingine. Nikamwambia upande wa nyuma ni mweupe.

Jumanne, 17 Septemba

Leo nusura tumrudishe mgonjwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Mama wa upande wa Nyankunde, mkulima wa maharage. Vipimo tayari, lenzi imechaguliwa, matone ya kupanua mboni yameshawekwa. Wakati wa fomu ya kukubali upasuaji, kijana wa ganzi akauliza sahihi ya mume. Fomu yetu ina mstari huo chini kabisa, “mume au mlezi”. Mgonjwa mwanaume akifika hapo tunauruka, hakuna aliyewahi kumuuliza mzee sahihi ya mke. Mume wa mama huyu yuko Mongbwalu kwenye dhahabu. Simu haipatikani.

“Basi tungoje,” akasema kijana. “Akija na ndugu zake hapa, utawajibu wewe?”

Woga wake una msingi, mambo hayo yametokea. Lakini sheria nayo ipo. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya 1 Agosti 1987, ilisema mke aombe ruhusa ya mume kwa kila jambo la kisheria litakalomfunga kutenda kitu yeye mwenyewe, ibara ya 448. Sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Imetimiza miaka minane, na fomu yetu haijapata habari. Sheria hiyo ninayo kwenye simu, niliipiga picha siku mawakili wa kike walipokuja kutufundisha. Nikampelekea daktari.

Akaisoma na glavu mkononi. “Sheria iko Kinshasa, mama muganga.”

“Na mgonjwa yuko hapa, mboni imeshapanuka.”

Akamuuliza mwenyewe, na hilo nimempenda nalo: “Mama, wewe unataka?” Mama akasema anataka kuona maharage kabla hayajaingia wadudu. Akaweka kidole gumba kwenye wino.

Alhamisi, 19 Septemba

Mume wa Mongbwalu amepiga simu. Nilijiweka sawa. Aliuliza kitu kimoja: “Ameona?” Nikasema ameona. Akasema Mungu awabariki na atatuma pesa kwa Airtel Money Jumamosi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote mtu huyu, si mke wake, si sisi. Nusura tukatae kwa niaba yake.

Jumatano, 25 Septemba

Umeme ulikatika mara nyingi, jenereta inakohoa. Wagonjwa wachache.

Mama wa Mudzipela alipasuliwa jicho la kushoto mwaka jana, leo nimemwita kwa la kuume. Jicho la kuume limefunga kabisa. Hataki. Si hofu, si pesa, nyumba yao ina uwezo. Nikamuuliza tena na tena mpaka akanitolea ile karatasi yetu ya maelezo baada ya upasuaji, ameitunza ndani ya Biblia. Asiiname. Asibebe mzigo. Asikae kwenye moshi. Maji yasiingie jichoni. Wiki kadhaa.

“Docta, mwaka jana nilifuata yote. Mkamwana alipika, akachota maji, akanipeleka choo. Alinisema mtaa mzima. Nitarudi kwake na lingine?”

Nimeketi na karatasi hiyo mchana kutwa. Imeandikwa kwa adabu, ina picha ndogo za mtu anayeinama na alama ya kukataza juu yake. Mtu kwenye picha ni mwanaume. Mgonjwa wa kiume akipewa karatasi hii, anayeipokea ni mke. Anaikunja, anaifunga kwenye ncha ya kitenge, na nyumba inaendelea. Sasa mke mwenyewe akiwa mgonjwa, karatasi tunampa nani? Wanawake wengi wanaokuja wana jicho moja lililopasuliwa na la pili likingoja, na mpaka leo nilidhani wameridhika na moja.

Dawa yake siijui yote. Nimeanza na kidogo: kabla ya kuandika tarehe nauliza nani atapika, na kama jibu ni kimya, naomba simu ya mtu. Leo nimempigia mkamwana. Amekasirika kwanza, kisha akasema hakuwahi kuambiwa ni wiki ngapi, aliona mama mkwe amekaa tu. Tumepanga baada ya mavuno, dada mdogo wa mkamwana akiwa amekuja kusaidia. Mama wa Mudzipela ameguna. Nimeandika tarehe kwa penseli.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumekwenda Kigonze, kambi ya waliokimbia vita, na tochi, ubao wa E na daftari. Hakuna karatasi ya rufaa, hakuna kituo cha katikati. Tulikwenda kibanda kwa kibanda na mama mmoja wa kamati ya kambi anayejua kila mlango. Kunawa mikono kila hatua, kwa ajili ya mpox.

Hapa mafungu yamegeuka. Wanawake wengi mno kuliko wanaume, na macho meupe yamekaa ndani kabisa, nyuma ya pazia, hayaletwi nje. Najua kambi zimejaa wanawake tangu mwanzo, nisijidanganye. Hata hivyo wengi walisema walipita kituo cha afya, wengine zaidi ya mara moja, na kila mmoja ana mrija wa tetrasaiklini uliobanwa mpaka mwisho. Pomada hiyo ni nzuri kwa macho mekundu ya mtoto. Kwa lenzi iliyoganda ni sawa na kupaka mafuta kioo kilichopakwa rangi kwa ndani.

Koko mmoja, bibi kizee, anaongozwa na mjukuu kwa fimbo, mtoto wa kike. Nikamuuliza mtoto yuko darasa la ngapi. La tatu, akasema, kisha akaongeza, “nilikuwa”. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini fimbo haiwezi kushikwa na hewa. Kaka yake yuko darasani. Tunasema kipofu mmoja, tunaandika kipofu mmoja.

Koko alikubali kupasuliwa papo hapo. Kisha akauliza siku. Nikamwambia Alhamisi ya wiki ijayo. Akakataa katakata. Nilikuwa nimeshaanza kumweleza juu ya usalama wa ganzi mama wa kamati aliponikanyaga mguu: Alhamisi ni siku iliyotangazwa ya kugawa chakula, na asiyekuwepo na kadi yake hapewi. Tumebadilisha tarehe. Ningekuwa chumba changu ningeandika “amekataa upasuaji”, na lingebaki hivyo kwenye daftari milele.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya Kuona Duniani. Mwaka huu ni ya watoto. Fulana zimegawiwa, wanafunzi wamepimwa macho, tangazo limepita Radio Candip asubuhi na jioni. Sina ugomvi na watoto, na wawili tuliowapima leo wanahitaji miwani kweli. Ila nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza hotuba na kuhesabu kimoyomoyo mambo yasiyotajwa. Kwamba tafiti zilizojumlishwa mwaka 2001 zilikuta karibu theluthi mbili ya vipofu wa dunia ni wanawake. Wanaishi zaidi, ndiyo, na lenzi huganda kwa uzee, lakini umri peke yake haumalizi hesabu. Kwamba mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubali kuongeza upasuaji mzuri wa mtoto wa jicho kwa pointi 30 za asilimia kufikia 2030. Kwamba wapasuaji wengi wa macho wa nchi hii wako Kinshasa, na kutoka huku Kinshasa ni ndege. Na zile pointi 30 zinaweza kutimia huku wanaume wakiendelea kutangulia.

Hotuba ilikuwa ndefu. Nimerudi na fulana mbili, moja ni kubwa mno.

Jumatatu, 14 Oktoba

Koko wa Kigonze amepasuliwa. Jicho la pili mwezi ujao, Mungu akitujalia lenzi za nguvu yake, maana sanduku limebaki na zile za macho mafupi.

Mjukuu alilala chini ya kitanda. Leo asubuhi alitazamwa kwa muda mrefu, kisha koko akamtuma amletee sindano na uzi ili ashone sare aliyoiacha. Nikasema hapana, hakuna kuinama, hakuna kushona wiki hii. Wameninunia wote wawili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Titulere ametimiza neno. Amegonga muhuri wa mpira upande wa nyuma wa karatasi zake zote, ametengenezewa na fundi wa Boulevard de Libération, wenye swali moja: “Kwa sababu haoni, kazi gani imesimama au imechukuliwa na nani?” Nilipendekeza fupi zaidi, amesema mimi si mwenye muhuri.

Karatasi za kwanza zimefika na pikipiki ya leo. Mama wa mihogo: kumenya kunafanywa na binti aliyeacha shule. Mama mwingine: hauzi tena soko la jioni, wateja humpa noti pungufu. Wa tatu, ambaye mstari wa kazi upande wa mbele bado unasema wa nyumbani: alikuwa mkunga wa kijiji, sasa anaitwa na haendi. Daktari mkuu amezisoma akiwa amesimama. Mkunga amempa Jumanne.

Mwanaume ni mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, amekuja na mkewe, na mwandiko wa titulere umekuwa mdogo ili maneno yatoshe. Mke amesema hakuna kazi iliyosimama. Mashamba wanalima watoto, ng'ombe waliibwa, kuni anatafuta mwenyewe. Kilichosimama ni dama. Tangu Agosti wenzake wanamhamishia vifuniko vya chupa akigeuka, na anarudi nyumbani akiwa na hasira ya kushindwa, na hasira hiyo inamwangukia yeye mke. Anaomba mzee apasuliwe.

Nimemwandikia Jumatano, jicho la kuume kwanza. Lenzi yake ipo.